Kete Aliyoniachia Wifi

Sikumpenda wifi yangu tangu siku aliyoletwa nyumbani, na sioni sababu ya kujipamba leo nionekane mwema. Nyumba yetu ni ya ghorofa, ya babu yetu, Kiponda, mjini Unguja, dari yake inamwaga chokaa kila masika. Mashamba yalikwishakwenda kabla sijapata akili, na kilichobaki ni ukoo na madeko. Kaka yangu alipotaka mke akaenda Chwaka, akarudi na binti aliyekulia kwenye mwani, mikono imechubuka kwa chumvi na kamba. Shangazi, aliyetulea sote wawili, aliishika ile mikono akaigeuza, akasema, "Karibu mwanangu." Kisha akanitazama mimi. "Huyu kazi anaijua."

Nilichukia hapo hapo. Nilikuwa nimeachika mara mbili, nimerudi nyumbani kwa baba, na kazi yangu kubwa ilikuwa kulalamika.

Angekuwa mkorofi ningempenda. Mtu mkorofi unamjibu, mnarushiana maneno, jioni mnakula pamoja. Yeye alikuwa mpole, upole wa kukera. Nikisema mchuzi umezidi chumvi, anasema, "Haya, wifi." Nikisema umepooza, anasema, "Haya, wifi." Ungedhani nilikuwa napiga ngumi mto.

Baada ya swala ya alasiri tulikuwa tukicheza karata sebule ya juu, wanawake wanne, wawili kwa wawili, mwenzako kakaa mbele yako. Shangazi alikuwa na mwenzake wa miaka mingi, jirani wa nyumba ya pili. Mimi nilipewa wifi kwa sababu hapakuwa na mwingine anayenitaka. Nilikuwa nawapigia kelele wenzangu mpaka wanasahau turufu ni ipi. Yeye hakusahau. Kila karata iliyokwishashuka alikuwa nayo kichwani. Na alikuwa na jambo moja alilolishika kama dini, jambo ambalo kwetu kila mtoto analijua: mwenzio humkati. Karata yake ikishakuwa juu, hata kama yako ndiyo ingekuletea sifa, unaiacha ya mwenzio ishinde. Wapo wanaosahau kwa uchu. Yeye hakunikata hata siku moja.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa alipokuja yule Mjapani.

Alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuja kuchunguza mwani wa Chwaka. Huko alifikia kwa mama yake wifi, na alipotaka chumba mjini, wifi akamleta kwetu. Alikodi chumba cha juu kabisa. Ndani ya begi lake mlikuwa na sanduku zito, na ndani ya sanduku kete nyeupe, za kunakshiwa, zinagongana kwa sauti ya kupendeza. Shangazi aliposikia tu sauti ile akauliza, "Hiyo inachezwa na wangapi?" Akaambiwa wanne. "Basi ngoja nivue miwani ya kusomea nivae ya kuonea."

Ndiyo ile mahjong ya Kijapani wanayoiita riichi. Ukiondoa mbwembwe zake, mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Kila mtu ana kete kumi na tatu. Unaokota moja, unatupa moja mbele yako kila mtu aione, mpaka zako zikae kwa mafungu yanayokubalika. Ukibakisha kete moja tu ushinde, una ruhusa ya kutangaza riichi: unaweka kijiti chako mezani, na tangu hapo mkono wako umefungwa. Kila unachookota kisichokufaa lazima ukitupe, hata ukiona kinakwenda kumshibisha mwingine. Na mtu akitupa kete unayoingoja, unasema "ron", unafunua mkono wako, na aliyetupa ndiye anayekulipa, peke yake. Malipo yenyewe ni vijiti vya alama. Pesa haikuwamo, shangazi asingekubali kamari chini ya paa lake.

Mgeni alitukalisha, na kitu cha kwanza alichotufundisha, kwa Kiswahili chake cha kuchagua neno moja moja, kilikuwa hiki: "Hapa mwenzako hayupo. Mbele yako adui. Kulia adui. Kushoto adui."

Nilifurahi kupita kiasi. Mchezo ambao huna mwenzako wa kumlaumu wala wa kumshukuru! Niliona umetungwa kwa ajili yangu.

Nilicheza kwa pupa. Kila mkono niliutaka, kila kete niliichukua, na nikitangaza riichi niliibamiza meza kama wanaume wa dhumna barazani. Wifi alicheza kimya. Akiona mtu katangaza riichi, anauvunja mkono wake mzuri vipande vipande, anatupa zile tu ambazo mwenyewe anajua hazimpi mtu kitu. Nilimwita mwoga. Nilimwambia, "Watu wa Chwaka mkiona wimbi mnakimbilia nchi kavu."

"Ndiyo wifi," akasema. "Na twafika wazima."

Mgeni akacheka, na kicheko kile sikukisamehe. Siku nyingine nikamuuliza kwa nini wifi ananishinda, akanijibu bila kuniremba: "Wewe unacheza mkono wako. Yeye anacheza mikono minne." Nilitoka chumbani kwa hasira, nikashuka ngazi zote mpaka mtaani, nikasimama pale bila kujua nimeshukia nini.

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili kaka yangu alifungua duka la intaneti Mlandege, mashine chache zinazonguruma na feni moja. Mimi nilijua kupiga taipu, nikawekwa mezani kupokea wateja. Mgeni akatuonesha tovuti ya Wajapani ambako watu wanacheza mchezo ule mchana na usiku, na kila mmoja anapanda daraja au anashuka kwa jinsi anavyocheza. Maandishi ya Kijapani kwenye mashine zetu yalitokea visanduku vitupu, basi tulijifunza kwa mahali: kisanduku cha kushoto kuchukua, cha katikati kutangaza, cha kulia kuacha. Umeme ukikatika mashine za huko hazikungojei. Zinakutupia kila unachookota, mpaka ukirudi mkono wako umeshakuwa takataka. Nimelitukana Shirika la Umeme kwa maneno ambayo mashine hazikuyasikia lakini mtaa wote uliyasikia.

Huko ndiko nilikoboreka, na nasema hivyo kwa majivuno. Mwanzoni nilishuka daraja mpaka hapakuwa na pa kushukia. Hakuna aliyenijua, hakuna wa kumpigia kelele, na kelele zenyewe zingefika wapi? Nilianza kutazama kete zilizotupwa na wengine badala ya kukodolea zangu. Mtu anatupa kete zenye alama ya mianzi tu, basi anakusanya kitu gani? Mtu aliyekuwa anatupa haraka sasa anasita, amefika wapi? Nikajifunza kuuvunja mkono. Lilikuwa jambo chungu kwangu, maana ndani ya nafsi yangu nililiita kukimbia, na kila nilipolifanya niliuona uso wa wifi. Lakini daraja likapanda. Nikawa najua kwa nini nimeshindwa, na siku nyingine kwa nini nimeshinda, na hilo la pili ndilo gumu zaidi.

Wifi naye alicheza. Alikuwa akimletea kaka yangu chakula cha mchana, na kaka akila, yeye anakaa mashine ya dirishani anacheza mchezo mmoja. Wateja walisimama nyuma yake kumtazama. Nyuma yangu hakusimama mtu.

Wajapani waliokuwa wakifanya kazi Bara walikuwa na ada ya kuja Unguja mara moja kwa mwaka, wakakodi ukumbi wa hoteli moja Shangani, wakashindana siku nzima. Mgeni wetu akatuandikisha sote wawili. Shangazi alisema magoti yake hayapandi ngazi za hoteli.

Wacha niseme wazi nilichokitaka. Kwenye meza ya mwisho wanakaa watu wanne, wale waliowashinda wengine wote. Nilitaka kiti kimoja kati ya hivyo vinne, na nilitaka nikipate kwa mkono wangu. Sikuwa na kitu kingine chochote maishani ambacho hakikutoka kwa baba au kaka au mume. Nguo nilizovaa siku ile zilitoka dukani kwa rafiki wa kaka. Kiti kile kingekuwa changu.

Asubuhi nilicheza vizuri kuliko nilivyowahi kucheza. Adhuhuri nikawa nahitaji kumaliza wa kwanza katika meza moja tu, nipate kiti. Majina yakapangwa kwa bahati nasibu, nikakaa, nikainua macho. Mbele yangu alikuwa wifi. Kulia kwangu alikaa mwanamume mmoja wa Kijapani mwenye tai, kushoto kijana mwalimu kutoka Bara.

"Usinitazame," nikamwambia wifi.

"Haya, wifi."

Nilikuwa naongoza. Katika mkono wa mwisho nilibakisha kete moja tu nishinde, nikatangaza riichi, nikaweka kijiti. Hapo sikuwa na hiari tena, ninachookota nikitupe. Nikaokota kete ya mianzi sita, haikunifaa, nikaitupa. Mwenye tai akaokota yake. Mchezo ukaendelea, kete za kuokota zikaisha na hakuna aliyeshinda. Ikifika hapo, sheria inasema waliobakiza kete moja wafunue mikono yao, wapate alama kidogo. Nikafunua wangu. Wifi naye akafunua wake, kwa utaratibu, akaunyoosha kwa kidole ukae sawa.

Ulikuwa mkono mkubwa, wa kuvunja nyumba. Na ulikuwa unangoja kete moja tu, mianzi sita.

Iliyokuwa imelala mbele yangu, kila mtu anaiona.

Mwenye tai akainua mkono akamwita mwamuzi. Mwamuzi alikuwa mzee mwenye adabu nyingi. Aliitazama kete, akautazama mkono wa wifi, akauliza, na mgeni wetu akaja kutafsiri.

"Hukuiona ilipotupwa?"

Hapo ndipo angeweza kutuokoa sote wawili. Angesema sikuiona. Watu wangemwona mshamba, wangecheka, yangekwisha. Lakini Mungu alimpa upole akamnyima uwongo.

"Niliiona."

"Kwa nini hukuichukua?"

Alimtazama yule mzee kwa mshangao, kama aliyeulizwa kwa nini hajavua nguo mbele za watu. "Huyu si wifi yangu?"

Mgeni alisita kabla ya kutafsiri. Mwamuzi alimsikiliza, akainama, akasema maneno machache. Kuiacha kete kwa hesabu zako mwenyewe ni halali. Kuiacha kwa ajili ya mtu mwingine ni kucheza wawili katika mchezo wa mmoja mmoja. Wifi angeichukua, angekuwa yeye wa kwanza, na kiti cha mwisho kingekuwa chake. Kwa kuwa aliniachia, kisingekuwa cha yeyote kati yetu. Alama zetu za meza ile zikafutwa. Mwenye tai akaenda kukaa kwenye kiti changu.

Tukatoka, tukafika njia nyembamba nyuma ya Mkunazini. Hapo nilimwagika.

"Nani alikuomba? Nani kakwambia mie nataka sadaka yako?"

"Wifi, nnakwambia, nisingeweza. Mbele za wageni wote wale nikuvunje weye? Nimekustiri."

"Umenistiri! Umenivua nguo ukumbi mzima!"

"Mkono ule ungekutoa wa kwanza ukutie mkiani."

"Ungenitia! Ningeshindwa kama watu wanavyoshindwa! Sasa nimeshindwa kama mtoto anayelishwa!"

Kwa mara ya kwanza tangu aolewe aliniinulia sauti. "Basi nshakosa. Nimekosa kukuona mtu wangu."

Tulipofika nyumbani shangazi alitaka kusikia, akasikia kutoka kwangu, kwa kelele. Alipomaliza kunisikiliza alisema, "Fadhila za punda mateke," na hakuwa anamsema wifi. Kesho yake asubuhi wifi alishuka kupika chai kajifunga kanga iliyoandikwa "Wema hauozi". Niliisoma, nikamwaga chai yangu, nikaenda Mlandege na njaa.

Tulikaa hivyo muda mrefu, tunapishana ngazini tumebana mabega. Karata zikafa, maana sikukubali kukaa mbele yake. Mgeni alimaliza utafiti wake akarudi kwao, akituhurumia wote. Mimi nikajichimbia kwenye mashine. Kwenye tovuti ile hakuna anayemstiri mtu. Nikikosea walinikamua, na nilishukuru. Daraja langu lilifika mahali ambapo mgeni aliniandikia kwamba yeye mwenyewe hajawahi kufika, na nikaichapa barua ile ya mashine nikamsomea shangazi kwa sauti, wifi akiwa jikoni, mlango wazi.

Kisha kaka yangu akamwacha.

Alikuwa amepata mwanamke wa Bububu, binti wa mtu mwenye magari, na mwanamke yule hakutaka kuwa wa pili. Kaka akaandika talaka, akampa wifi mkononi baada ya kula chakula alichokipika. Nilipoambiwa nilimfuata dukani mbele ya wateja nikamwambia ukweli wake wote: kwamba ni mjinga, kwamba ana mkono mzuri anauvunja bila ya mtu kumtishia, kwamba ataokota takataka. Kaka akaniambia, "Si wewe uliyekuwa humtaki?" Nikamwambia kutomtaka kwangu ni kwangu, asijifichie humo. Hakunisikiliza. Ndani ya nyumba ile hakuna aliyewahi kunisikiliza nikipiga kelele, na kusema kwa sauti ndogo sikujua.

Alikaa eda chumba cha juu, kile alichokaa mgeni. Shangazi alimpandishia chakula kwa magoti yake mabovu. Mimi nilifika mpaka mlangoni mara kadhaa, nikasikia kimya chake, nikarudi. Ningemwambia nini? Ilipokwisha, kaka zake walikuja na gari la kubebea mwani, wakapakia vyombo vyake, wakaondoka naye Chwaka. Alimuaga shangazi kwa machozi. Mimi alinipa mkono.

Mwaka uliofuata Wajapani walikuja tena Shangani. Niliingia ukumbini nikiwa na uhakika wa daraja langu, na wa kwanza niliyemwona ni yeye, amekaa karibu na dirisha, buibui jeusi, mikono imechubuka upya. Amerudi kwenye mwani. Nilihisi furaha, na furaha ile ilinighadhibisha, nikaenda kukaa upande wa pili wa ukumbi.

Tulicheza mbalimbali siku nzima. Alasiri, wakisoma majina ya meza za mwisho kabla ya ile ya wanne, likasomwa langu, kisha lake. Hakukaa mbele yangu safari hii, alikaa kushoto. Kiti kilikuwa kile kile, kimoja, na kati ya watu wa meza ile ni sisi wawili tu tuliokuwa nacho karibu.

"Wifi, shamba wote wazima?" nikamwambia.

"Wazima, alhamdulillahi."

Nikaona hiyo inatosha. Nikapanga kete zangu moyo umetulia kuliko siku zote. Nilicheza kwa akili yote niliyoipata Mlandege. Nilihesabu, nilisoma kila alichotupa kila mtu, niliuvunja mkono mzuri bila kinyongo. Mkono wa mwisho ulinikuta mbele kidogo. Nikaokota kete ya upepo wa mashariki. Nyingine kama hiyo ilikuwa imeshatupwa mapema, hakuna aliyetangaza riichi, na kwa hesabu zote ilikuwa salama. Lakini wifi alikuwa amesita kidogo zamu iliyopita, nikaona, na nikajua maana yake. Ningeweza kuishikilia. Nitasema nilichofikiri: nilifikiri, huyu hawezi kunikata. Nikaitupa.

"Ron," akasema.

Aliufunua mkono wake, akaunyoosha kwa kidole ukae sawa. Mwamuzi akaja, akahesabu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hapakuwa na neno la kulalamikia. Nilikuwa nimevunjwa mbele za wageni, kwa haki, kama mchezaji, kama nilivyopigia kelele njia nzima ya Mkunazini.

Nikatoa vijiti vyangu. Kwa kuwa siwezi kunyamaza, nikamwambia kwa kicheko kidogo, "Leo hukunistiri, wifi."

Alivipokea vijiti kwa mikono miwili, akavihesabu, akaviweka upande wake. Hakuwa na hasira. Ningeiona, hasira naijua.

"Mwaka ule ulikuwa wifi yangu," akasema. "Leo nikustiri kwa lipi, bibi?"

Kisha akaitwa, akainuka, akaenda kukaa kwenye kile kiti.